Dada Aliyesemewa

Nikiwa mtoto kule Tanga, jino liliniuma mpaka shavu likavimba. Kaka yangu akanipeleka hospitali, njiani akanionya, "We nyamaza, mimi ndiye najua kuongea na madaktari." Nikanyamaza. Akaonyesha jino silo, likang'olewa zima, bovu nikarudi nalo nyumbani. Kwetu tulilicheka miaka mingi. Shule mimi sikufika mbali, wasomaji wangu mnajua, na habari zangu huzunguka, lakini juzi ulimi ulikuwa ukilirudia lile pengo na sikucheka, maana hapa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika huku kwa Wachina, tumeletewa msiba.

Amefariki yule dada wa Bukavu aliyekuwa akifunga mizigo jirani na mgahawa tunaponywea chai. Wa zamani mnamkumbuka: mtoto mgongoni, mdomo haupumziki. Kichina alikiokota hukohuko madukani Sanyuanli. Siku moja mwenye duka la viatu alimkatalia bei, naye akamgeukia mtoto, kwa Kichina hichohicho: "Lia, mwanangu, lia, laoban huyu hana huruma!" Laoban, yaani bosi, akacheka mwenyewe, akashusha. Kwao vita, viza ya hapa inakwisha, basi akaenda na mumewe kuomba hifadhi Ulaya, nchi ya baridi ambako serikali inakupa nyumba, daktari na darasa la lugha yao. Tulimwonea wivu.

Kumbe darasa halikupokea watoto wachanga. Akaomba mtoto apokewe kwenye kituo cha kulelea watoto. Akaambiwa nafasi ni za watoto wa wanaosoma. Akaomba kusoma, akaambiwa kwanza apate wa kumshika mtoto. Akasoma mume. Dada akinipigia simu alikuwa akisema, kwa heshima ya kwao, "Papa, huku nimekuwa bubu. Hata chumvi dukani ananiombea yeye." Hakuna aliyemkataza kusema. Wenye nchi walipanga mambo yao tu kana kwamba mtoto hukaa mgongoni kwa mtu mwingine.

Wiki iliyopita mume alikuja kununua bidhaa. Tukampa pole, tukamwagizia chai. Mama wa Unguja mwenye mgahawa, ambaye hajui kuzungukazunguka, akamuuliza, "Hebu shemeji, kwani aliumwa nini?"

"Damu, mama. Ya kike. Daktari alinieleza mwishoni."

"Na mwanzoni?"

"Tulienda kwa daktari mmoja, mwanamume. Mimi ndiye nilikuwa namtafsiria."

"Akwambie hayo wewe, mbele ya daktari mwanamume?"

"Alisema amechoka. Nikawaambia amechoka."

"Hawakumtafutia mwanamke wa kumuuliza?"

"Walinikuta mimi nipo."

Sikumlaumu, simlaumu hata sasa, alitafsiri alichoambiwa. Lakini nawaomba, mkimwona mwanamke ana wa kumsemea, msidhani ameshasikika. Muulizeni mwenyewe, na anayeuliza awe mtu anayeweza kujibiwa. Mume aliitazama chai yake, akainuka bila kuigusa, akapita kati ya marobota pale dada alipokuwa akikaa, akashika njia ya kituo cha treni ya metro. Bidhaa zake bado zimefungwa hapa. Hajarudi.