Foleni ya Mashahidi wa Neno Run

Siku yangu ya kwanza kwenye ofisi ya kamusi nilivaa viatu vya visigino, kwa kuwa nilidhani kazi ya maneno ni kazi ya kukaa. Ilipofika saa sita mchana viatu vilikuwa mkononi na mimi nilikuwa natembea peku nyuma ya soko la Bagamoyo, nikitafuta mtu wa kuniambia kamasi za mtoto zinafanya nini zinapotoka puani. Akina mama watatu waliniambia zinachuruzika. Wa nne aliniambia nikamtafute mume.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na makabati ya kadi mpaka darini. Nilihamishiwa hapo kutoka masijala, yaani chumba cha kutunzia mafaili, ambako kwa miaka miwili sikuulizwa swali lolote isipokuwa faili fulani liko wapi. Aliyenipokea ni Mhariri Mkuu, mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo na kalamu ya wino mwekundu iliyokaa sikioni kama ya fundi seremala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kiingereza unakijua?"

"Kiasi."

"Afadhali. Wanaokijua sana hawaulizi. Neno lako ni *run*."

"Kukimbia," nikajibu upesi, nikitaka aone nina akili.

"Hilo moja," akasema. "Lete mengine."

Niwaeleze vijana mnaobonyeza simu na kupata maana kabla hamjamaliza kuuliza. Neno la Kiingereza linaloingia kwenye kamusi tuliliita kidahizo. Chini yake maana zilipangwa kwa namba, na kila maana ilikuwa na kadi yake, ukubwa wa kiganja. Kadi ilibeba jina la shahidi, yaani mtu ambaye kazi yake inamlazimu alitaje jambo hilo kila siku. Na sheria kubwa ya Mhariri Mkuu ilikuwa hii: shahidi hatajiwi neno. Unamwonyesha jambo, unamwuliza analiitaje, unanyamaza. Kunyamaza kulinishinda kuliko Kiingereza.

Nilipewa miezi sita ya majaribio na neno hilo moja. Nilidhani ananidharau. Mwezi wa pili nilikuwa na kadi thelathini na moja na bado zinakuja, maana Mwingereza hana haya na neno hili. Mtu ana-*run*, mto una-*run*, pua, injini, duka, soksi ikichanika uzi, mtu akigombea ubunge, yote hayo kayarundika kwenye tenga moja. Sisi kila jambo tumelipa kitenzi chake, na ilibidi nikifuate kitenzi hicho kilipo.

Kule Kaole nilimpata Mzee Kondo, ambaye ujanani alikuwa tarishi, mpeleka barua za serikali kwa miguu. Nilimuuliza, "Barua ikiwa ya haraka, ulikuwa unafanyaje?" Badala ya kujibu, akavua kanzu, akabaki na msuli na fulana, akatimka mpaka kisimani na kurudi. Nikamsubiri apate pumzi. "Hivyo," akasema. Nikamsubiri tena. "Nilikuwa nakimbia, mwanangu. Hukuona?"

Kwa Bi Tatu, aliyekuwa akifua nguo za watu, nilikwenda na kanga yangu mpya nyekundu. Nikaichovya kwenye beseni lake bila kutazama vizuri, kumbe ndani mna shuka nyeupe ya mteja. "Sasa hii inafanya nini, Bi Tatu?" nikauliza, kadi mkononi. Akaniangalia sana. "Inachuja," akasema, "na wewe huna akili." Niliandika la kwanza tu. Mchana wote uliobaki nilikuwa naye kwenye beseni tukiisugua ile shuka, na tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Halafu nikatumwa Msata kwa wiki mbili, kwa sababu Mhariri Mkuu aliamini kuwa maana za magari zinapatikana pale malori yanaposimama. Huko nilimpata Fundi Selemani. Aliwasha lori lililokuwa juu ya mawe, halina hata gurudumu moja, akanishika mkono na kuuweka kwenye boneti. "Haliendi popote," akasema, "lakini injini inaunguruma. Andika hivyo hivyo."

Shahidi wa mwisho nilikuwa naishi naye. Shangazi Mosi, dada wa baba yangu, ndiye aliyekuwa msimamizi wa karibu kila harusi ya mji ule. Nilimkuta siku moja kati ya masufuria saba, mwiko begani, anawatuma watu kumi kwa wakati mmoja. "Shangazi, hapa unafanya nini?" "Huoni? Naendesha shughuli. Na wewe ondoka mlangoni." Nikaandika.

Kadi zilipotimia ikaja kazi ya kuzipanga. Mhariri Mkuu alipanga kwa asili ya neno, maana kongwe mbele, changa nyuma. Alinieleza kwamba neno hili Waingereza wa kale walikuwa nalo, kisha watu wa kaskazini wakavuka bahari na kuja na ndugu yake, na mawili hayo yakaishi nyumba moja mpaka hajulikani nani mwenyeji. Toka zamani hizo lilitaja miguu ya mtu na pia maji yanayokwenda. Mengine ni wajukuu. Kuendesha shughuli ni kitukuu, amezaliwa juzi juzi tu, mashine zilipoingia. Basi kukimbia kukawa namba moja, kutiririka namba mbili, kuchuja namba saba, injini kumi na tano. Shangazi Mosi akawa wa ishirini na tatu.

Kabla ya kupeleka neno kwa wachapaji kulikuwa na hatua moja, kumsomea shahidi kadi yake ili atie sahihi. "Mtu mmoja, mahali pake, kadi moja," Mhariri Mkuu aliniagiza. Zilikuwa zimebaki siku nne za majaribio yangu, na mashahidi wanne ambao hawajatia sahihi wametawanyika toka Kaole hadi Msata. Na hapo ndipo akili yangu ya mkato iliponiponza. Kulikuwa na harusi mtaani kwetu, na harusi ya Bagamoyo hakosi mtu. Mzee Kondo kaalikwa, Bi Tatu kaalikwa, Fundi Selemani ni mjomba wa bwana harusi, na Shangazi yuko jikoni kama kawaida. Nikasema Mungu kanirahisishia.

Watu walipomaliza kunawa mikono nikasimama na karatasi yangu, nikasoma kwa sauti nzuri: namba, maana, jina la shahidi.

Mtu wa pwani akiwa ugenini, nguo nzuri mwilini, akasikia majina yanasomwa kwa namba, haelewi historia ya Kiingereza. Anaelewa nani katangulizwa na nani kawekwa nyuma. Mimi ni mtoto wa hapo hapo, nimezaliwa na kulelewa kwenye shughuli hizo hizo, na bado nikasoma.

Mzee Kondo aliweka kofia yake sawa, akashukuru, akatia sahihi papo hapo. Bi Tatu akauliza, "Mie wa saba? Mbele yangu kina nani?" Fundi Selemani akasema hakupanda lori kutoka Msata kuja kufanywa wa kumi na tano mbele ya wakwe wa mpwawe. Shangazi Mosi akatokeza mlangoni na mwiko wake, akasikiliza mpaka nikafika kwake. Alirudi jikoni.

Asubuhi yake alinipa chai ya rangi, haina hata kitumbua kimoja. Nyumbani kwetu hiyo ni barua rasmi.

Kufikia mchana watatu walikuwa wamenitumia salamu kwamba majina yao niyafute. Na sheria ilikuwa wazi, shahidi akijitoa, maana yake nayo inatoka. Nikaenda kusimama mbele ya Mhariri Mkuu nikamweleza yote, na harusi, na karatasi, na sauti yangu nzuri.

Akaivua kalamu sikioni, akaiweka mezani. "Nilisemaje?"

"Mtu mmoja, mahali pake, kadi moja."

"Neno likipungua maana tatu silipeleki. Nitampa mwenzio alianze upya, na wewe masijala hawajajaza nafasi yako."

Sitawaficha, nilitaka kulia. Masijala nilikuwa nakohoa vumbi na kuhesabu saa. Hapa, kwa mara ya kwanza, mtu mzima mwenye cheo alikuwa ananiuliza jambo, kisha anasubiri jibu langu. Nilikuwa tayari kufua shuka za mji mzima kuliko kurudi kule.

Nadhani aliuona uso wangu. "Mimi nimesomea kamusi," akasema polepole, "shughuli sikuzisomea. Mtaani kwenu watu wakigombea nafasi, nani huwapanga?"

Nilimjua. Ndiye aliyeninyima kitumbua.

Nilimkuta Shangazi Mosi anachambua mchele. Nikakaa chini, nikachukua ungo wa pili, nikachambua naye kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kunyamaza kwa shahidi yeyote. Mwishowe nikasema, "Shangazi, nimeharibu. Ukiwa na wageni wanne na kila mmoja anajiona mkubwa, unafanyaje?"

"Unataka kuandika?"

"Nataka kujua."

Akaupepeta ungo wake mara mbili. "Simwambii mtu yeyote yeye ni wa ngapi. Kila mmoja namfuata alipokaa, napeleka sinia lake kwa mkono wangu, namwambia jambo la kweli linalomhusu yeye. Mwenye jina la baba, namtajia baba yake. Aliyetoka mbali, namtajia safari. Uongo sisemi, uongo unarudi jikoni. Wewe umesimama katikati ya watu na karatasi."

Yaani ndiyo ile ile sheria ya Mhariri Mkuu, ila yeye alikuwa ameniachia sababu niitafute mwenyewe.

Nikaanza safari upya. Msata nilimwambia Fundi Selemani kwamba watu wanaokimbia kwa miguu wanapungua kila mwaka na injini zinaongezeka. Akacheka, akatia sahihi, na alama ya grisi ya kidole chake iko kwenye kadi mpaka leo. Kwa Bi Tatu nilikaa kwenye beseni. Nikamweleza kwamba neno hili lilianza na miguu na maji kwa pamoja, na rangi ya kanga ikichuja inakwenda na maji, kwa hiyo maana yake ni ya ukoo wa pili kwa ukongwe.

"Ukoo wa pili," akarudia.

"Naam."

"Lete kalamu."

Kabla sijafika ofisini soko zima lilikuwa limeshapata habari hizo.

Alibaki Shangazi, na kwake ujanja haukuwepo, maana ujanja ni wake. "Haya," akasema, "na mimi utaniambia nini?"

"Wewe ni wa ishirini na tatu, Shangazi. Maana yako ni changa, na sina la kukupamba."

Akanitazama. "Kwenye shughuli mimi nakula saa ngapi?"

"Mwisho. Wageni wakishaondoka."

"Basi niache huko huko nilikozoea." Akatia sahihi, kisha akaniuliza kama nimekula.

Mhariri Mkuu alizipokea kadi akazisoma moja moja. Akafika ya Bi Tatu. "Hili la ukoo wa pili ulimwambia ili atie sahihi, au ni kweli?"

"Ni kweli, mzee. Rangi inakwenda na maji."

"Sasa namba saba inafanya nini huku?" Akachukua wino mwekundu, akafuta saba, akaandika mbili b. Kisha, bila kuinua kichwa, "Neno lako la pili ni *set*. Safari hii vaa ndara." Hivyo ndivyo nilivyothibitishwa kazini.

Nilidumu kwenye kazi hiyo mpaka nywele zikawa nyeupe. Baada ya Mhariri Mkuu nilifanya kazi chini ya Mratibu, aliyependa vikao, na tukahamia jengo jipya upande wa Mapinga ambako majirani walikuwa wakibadilika kila viwanja vikiuzwa. Mwisho nikawa chini ya Mkurugenzi, kijana mpole aliyezaliwa mimi nikiwa tayari na miwani. Yeye alileta kompyuta. Kompyuta haiulizi asili. Inasoma magazeti na vitabu, inahesabu maana ipi inatumika zaidi, inaipandisha juu. Siwezi kusema imekosea, ila haijawahi kunawa mikono nyumbani kwa mtu.

Mwaka wa kustaafu kwangu toleo jipya likatoka, na Mkurugenzi kwa wema wake akaamua kila shahidi aliye hai apewe nakala, jambo ambalo zamani hatukuwa na uwezo nalo. Nikafungua ukurasa wangu. Kukimbia bado namba moja. Mzee Kondo alishatangulia mbele ya haki, alifariki akiwa wa kwanza, na nilifurahi kwa ajili yake mpaka macho yakalowa. Namba mbili: kuendesha shughuli. Kuchuja kulishushwa mpaka kumi na mbili, hakuna b wala ukoo.

Nilimpelekea Shangazi Mosi nakala yake. Macho yake yamekwisha, nikamsomea.

"Nimepandishwa?"

"Wa pili, Shangazi."

Hakufurahi hata kidogo. "Pale si pa Tatu?"

"Palikuwa pake. Sasa yuko kumi na mbili."

Akapapasa jalada. "Mwenzangu yule ameishi na ule ukoo wa pili miaka yote hii. Wajukuu zake wanaujua. Kitabu hiki kisiingie nyumbani kwake."

"Lakini ofisi imenipa nimpelekee."

"Wewe huna cha zamani?"

Nilikuwa nacho. Nakala yangu ya toleo la kwanza, yenye maandishi yangu pembeni na sahihi ya Mhariri Mkuu ndani, kitu pekee cha kazi ile nilichodhamiria kufa nacho. Siku yangu ya mwisho kazini niliifunga kwenye kanga nikaipeleka nyuma ya soko. Bi Tatu aliifungua kwenye ukurasa niliomwekea alama, akasogeza pua karibu na karatasi, kidole kikatambaa mpaka kwenye ile mbili b.

"Mbona kimechakaa hivi?" akauliza.

"Kimesomwa sana, Bi Tatu."

Akatikisa kichwa taratibu, ameridhika kabisa. "Lazima," akasema, na akamwita mjukuu wake aje aone.