Nguvu ya Kusukuma Baiskeli

Nilipokuwa kidato cha nne Arua, nilisifiwa kuwa bingwa wa fizikia, na kwa ujinga wangu nikaamini. Siku moja mwalimu alituuliza: mtu anasukuma baiskeli yenye gunia la muhogo kupanda kilima, atahitaji nguvu kiasi gani? Nikajaza ubao kwa fomula na kuandika jibu: newtoni laki moja. Mwalimu akalilinganisha na lile lililo katika daftari alilolitumia miaka yote, yakafanana. Darasa likapiga makofi.

Msichana mmoja wa Manibe, aliyekuwa akisukuma baiskeli ya muhogo wa mama yake hadi sokoni kila Jumamosi, hakupiga.

"Hiyo nguvu inaweza kuinua lori," alisema.

"Wewe iko na fomula?" mwalimu akamdhihaki.

"Hapana, mwalimu. Mimi iko na mikono."

Tukamcheka mpaka akakaa. Nyumbani nilirudia hesabu ili nimwaibishe zaidi, nikakuta nimetumia gramu badala ya kilo. Jibu lilikuwa newtoni mia tu. Mwalimu naye alikuwa akinakili kosa hilohilo mwaka baada ya mwaka. Sikumwambia mtu. Bingwa gani huyo!

Sasa nafundisha fizikia Koboko, na wanafunzi wangu hawagusi kikokotoo kabla ya kukisia jibu. Hata hivyo, wiki iliyopita mmoja alikokotoa akapata kwamba jiwe lilifika chini ya kisima kabla ya kuachiliwa, akalipigia jibu hilo mistari miwili chini yake kwa kujiamini.

"Inawezekana?" nikamuuliza.

"Mashine imesema hivyo, mwalimu."