Kidoa cha Kisiginoni

Baba yangu alikata mkonge katika shamba la Ngombezi, karibu na Korogwe, mpaka alipostaafu na kurudi Handeni kulima mahindi. Nyayo zake zina vitone vyeusi, kama za wakataji wenzake: ncha za miiba zilizokatikia ndani. Nyumbani tuliitoa miiba kwa pini iliyopitishwa motoni. Kwa hiyo kidoa kilipojitokeza kisiginoni, alikichukulia kuwa mwiba mwingine, akakichokonoa.

Nilikiona nilipokuja likizo. Shahada yangu ya uzamili ni ya udongo, si ya tiba, lakini nilikuwa nimesoma habari za vidoa kwa sababu ninacho kimoja shavuni. Nilijua kwamba karibu kila mtu anavyo, na kwamba vingi ni chembe za rangi ya ngozi zilizojikusanya mahali pamoja, zisizo na madhara. Nilijua pia kwamba kwetu sisi weusi saratani ya ngozi inayoanza kama kidoa, ingawa ni nadra, mara nyingi hutokea unyayoni au chini ya kucha. Huangaliwa kama kidoa kinatanuka, kama kingo zake hazilingani, kama rangi imechanganyika, kama kinatoa damu.

Cha baba kilitoa damu. Lakini chochote kinachochokonolewa hutoa damu, na kingo alikwisha kuzivuruga. Kila dalili niliyoifahamu, ama pini ilikuwa imeifuta, ama ilikuwa imeitengeneza, nami sikuwa na njia ya kutenganisha.

Nilimsihi twende hospitali Korogwe. Alikubali kwa sharti kwamba tupitie Ngombezi kusalimia. Huko, mzee mmoja aliyekuwa akikata naye mkonge alisikiliza sababu ya safari yetu, akavua kandambili na kuninyooshea unyayo.

"Mama, hebu nisomee na mimi. Maana kama ni hivyo, kambi nzima tukatwe miguu."

Baba alicheka, nami nikacheka. Hata hivyo niliinama nikavitazama vile vitone kimoja kimoja, na hakuna hata kimoja ambacho ningeweza kukiapia kuwa ni mwiba tu.

Daktari hakusema ni mwiba, wala hakusema ni ugonjwa. Alikata kipande kidogo cha ngozi, akaeleza kuwa kitapelekwa kupimwa kwenye maabara ya hospitali kubwa. Nilimuuliza maswali mfululizo mpaka baba akanigusa goti ninyamaze.

Majibu hayajarudi. Kila jioni naosha kidonda na kukifunga upya, na kila jioni nakitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Jana baba aliniacha nimalize kutazama.

"Sasa, mwanangu, wewe uliyesoma. Ni mwiba au si mwiba?"

"Sijui, baba."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiweza. Kisha akanyoosha mkono na kuniomba pini, nadhani kwa utani. Sikumpa. Nilikuwa nimekwisha kuificha begini mwangu, tangu siku ile tuliyorudi kutoka Korogwe.