Samaki Dume Aliyetaga Mayai Chumbani Kwetu

Samaki dume alitaga mayai chumbani kwangu, mchana kweupe, huku namwangalia.

Usicheke. Mie mwenyewe sikucheka. Nilimnyakua mwanangu kitandani nikatoka mbio, kanga moja ikabaki imening'inia mlangoni.

Ilikuwa Kinondoni, mwaka hamsini na nne. Mume wangu Revelian alikuwa karani wa Mzungu mmoja, Bwana Pennock. Kwetu ni Bukoba. Bahari tulikuwa na mwaka mmoja tu tangu tuijue. Binti yetu Genoveva alikuwa na miezi saba, ndiyo kwanza anaota jino.

Bwana Pennock alikuwa na kasha la kioo lililojaa maji ya bahari. Ndani mna samaki wawili wa rangi ya chungwa, kila mmoja na mikanda miwili myeupe. Walikaa katikati ya kiumbe laini kama ua, chenye vidole vingi vinavyowasha. Samaki mwingine akigusa vidole vile, kwisha habari yake. Hawa wawili walijifunika navyo kama shuka.

Likizo yake ya Ulaya ilipofika, miezi sita, akamwambia Revelian, "Weka samaki kwako. Mpishi yangu mlevi. Wewe mtu ya kuaminika."

Akatuonyesha kwa kidole. "Mkubwa ndiye mke. Mdogo ndiye mume. Tazama, mume mkanda ya shavu imekatika."

Kweli, mkanda wa shavu la kushoto ulikuwa na pengo, kama mtu kaufuta kwa kidole.

Umeme hatukuwa nao. Hewa ya samaki tuliitoa kwenye tyubu ya gari. Unaijaza kwa pampu ya baiskeli, unabana mpira wake kwa kibanio cha nguo, mapovu yanatoka kidogo kidogo majini mpaka tyubu inywee. Unajaza tena. Mtoto mgongoni, pampu mkononi, jasho linanitiririka.

Lakini niliwapenda. Wiki ya pili yule mkubwa alitaga kwenye jiwe, na mdogo akawa anayapepea mayai kwa mapezi, hata usingizi hana. Nikamwambia Genoveva, "Ona baba anavyolea. Mwambie na wako."

Siku mayai yalipoanguliwa, vitoto vikapotea majini, hatukuviona tena.

Sasa, kwa lile joto, maji yalikuwa yanapungua. Sie watu wa ziwani tulijua jambo moja tu: samaki wa bahari ukimpa maji ya bomba, umemuua. Kwa hiyo kila yalipopungua nilibeba mtungi mpaka Msasani, nikajaza maji ya bahari. Nikajiona hodari.

Wiki ya tano yule mkubwa akaanza kutweta. Ijumaa hakula. Jumamosi nilimkuta amelala ubavu juu ya mchanga.

Nilipofuta kioo nikilia, unga mweupe ukanibaki kiganjani. Nikaulamba. Chumvi. Nikachota maji kwa kijiko, nikaonja, nikatema palepale. Bahari haikuwa kali hivyo!

Ndipo likanijia somo la darasa la jioni. Mwalimu alituchemshia maji ya chumvi sufuriani mpaka yakakauka, tukaona kilichobaki. Maji hupaa. Chumvi haipai. Na mie wiki tano nilikuwa naongeza chumvi juu ya chumvi.

Nikaanza kutia maji ya bomba yasiyo na chumvi, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Yule mdogo akapona.

"Tumwandikie Bwana," nikamwambia Revelian.

"Tumwandikie nini? Kwamba umemuua mke wa samaki wake?"

"Ndiyo. Nimemuua mimi, kwa kutojua."

"Mama Genoveva, kazi ikiondoka, hivi vyumba vinaondoka. Unataka turudi Bukoba na mtoto mgongoni na aibu kichwani?"

Nikakubali. Alikwenda kwa wavuvi akapata samaki mwingine wa aina ileile, mdogo kama kidole. Kisha akaandika barua kwa mwandiko wake mzuri: *Samaki wako wote wawili hawajambo.* Kila mwezi barua. Kila mwezi hawajambo.

Balaa likaanza hapo.

Yule mume, mwenye pengo shavuni, akaanza kunenepa. Akawa mkali. Akamfukuza yule mgeni mdogo mpaka akajua nafasi yake. Tabia zote za marehemu zikahamia kwake: mahali pa kulala, namna ya kuja juu akiniona. Nikasema huyu marehemu amerudi, na amerudi kwa ajili yangu.

Mwezi wa tano wa likizo ya Bwana, saa sita mchana, akapita taratibu juu ya jiwe, akashusha mayai. Mstari kwa mstari.

Nikakimbilia kwa jirani yangu Bahiya, mke wa Mwarabu mwenye duka.

"Shoga, mume katoa mayai!"

"Mume yupi? Revelian?"

"Samaki!"

Alikuja, akachungulia kutoka mlangoni, hakuingia. "Auleria, kitu kile kitoe ndani leo leo. Una mtoto mchanga. Leo samaki kageuka mke, kesho je?"

Usiku ule Genoveva alipata homa. Ya jino, najua sasa. Wakati ule nilikaa kati ya kitanda na kasha mpaka kukakucha, nimempakata, namwambia yule samaki kwa sauti ya chini: mimi ndiye niliyekosa, mtoto hajakukosea.

Homa ilishuka. Hofu haikushuka.

Mwezi wa sita Bwana Pennock akaja bila taarifa, Jumatatu, barua zetu mfukoni. Akainama mbele ya kioo.

"Hawa walewale?"

"Walewale, Bwana," akasema Revelian.

"Mkubwa hapa ana pengo. Pengo ya mume." Akageuka. "Mke yangu umeuza kwa nani?"

"Bwana, sija..."

"Kwa nani! Umeandika hawajambo, hawajambo, hawajambo!" Akamtupia zile barua miguuni. "Kesho leta funguo zote za ofisi."

Revelian akachutama kuziokota moja moja. Sijawahi kumwona vile, wala sitaki tena. Nikamkabidhi mtoto, nikasogea.

"Bwana, hakuuzwa. Alikufa. Nilimuua mimi kwa chumvi." Nikaeleza yote: mtungi, unga mweupe, kijiko, mvuvi. "Na huyu mwenye pengo ni mume wako kweli. Ila sasa anataga."

Akacheka, kicheko kibaya. "Sasa unanifanya mtoto."

"Tazama jiwe, Bwana. Yule mdogo analisafisha kwa mdomo tangu asubuhi. Akifanya hivyo, kesho mchana mkubwa anataga. Nimeona mara tatu. Njoo kesho. Asipotaga, utupeleke unakotaka."

Nilipokwisha kusema ndipo nikatambua. Nimeweka mkate wa mwanangu kwenye tumbo la samaki!

Kesho yake alikuja na kiti chake. Saa nne, kimya. Saa tano, kimya. Bahiya yuko dirishani na wanawake watatu, wananong'ona. Revelian alipiga pampu tyubu iliyojaa tayari.

Saa sita ikapita. Bwana akatazama saa yake, akainuka, akafunga kifungo cha koti.

"Bwana," nikasema, "ngoja kidogo."

Samaki mwenye pengo akashuka kwenye jiwe. Akapita taratibu. Mstari kwa mstari.

Bwana Pennock akaketi kama mtu aliyesukumwa. Akatazama mpaka mstari wa mwisho. Kisha akatoa kitabu chake kidogo, akaandika, akatusomea kwa Kiswahili chake: "Mimi nimekosea tangu mwanzo. Mwenye pengo alikuwa mke siku zote. Aliyekufa ndiye mume."

Nikafungua mdomo. Mbona yule mkubwa nilimwona kwa macho yangu akitaga, wiki ya pili? Revelian akanifinya mkono. Lakini nilishachoka kufinywa.

"Hapana, Bwana. Wote wawili wametaga. Nimewaona."

Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto mwenye homa. "Haiwezekani, mama."

Revelian alibaki kazini. Ila funguo za ghala la ofisi alinyang'anywa, akapewa mwingine. "Kwa ajili ya samaki, nimesamehe," Bwana alimwambia. "Kwa ajili ya barua, bado."

Mpaka leo hakuna anayeniamini, na wewe labda huniamini. Si neno. Nilichojifunza ni hiki: ukikosa, sema siku ileile, ukweli ukiwa bado mdogo na wa kawaida. Tungeandika "mmoja amekufa kwa chumvi", Bwana angekasirika, yakaisha. Tulikaa na ukweli ule miezi mitano, na siku tulipoutoa, ulikuwa umegeuka kitu ambacho hata aliyekiona kwa macho yake alikikataa.