Madam Kibona na Jina la Ukoo

Mwulize mtu yeyote hapa Tunduma, upande huu wa mpaka, Nesta Mtafya ni nani, atakutumbulia macho. Ulizia Madam Kibona, hapo utapelekwa mpaka mlangoni, kwenye chumba cha nyuma ya kanisa anakowafundisha wafanyabiashara Kiingereza cha kuuzia mchele kwa Wazambia.

Kibona ni jina la mumewe, Efraimu, dereva wa malori. Kwao Itumba mwanamke anaolewa na jina la baba yake na anazikwa nalo. Nesta alikataa. Siku ya harusi alitangaza mbele ya wakwe kwamba yeye sasa ni Kibona, kizungu kizungu, ili dunia nzima ijue ni mke wa nani. Baba yake, mzee Yesaya Mtafya, aliinuka kitini akaenda kukaa nje. "Haya," alimwambia wakati wa kuagana, "jina langu umeniachia. Ukichoka na hilo la watu, usinifuate." Mzee ana kiburi, na binti kakirithi chote.

Efraimu naye akaondoka na lori, akaacha kurudi. Simu anapokea akipenda. Kila anayemuuliza, Nesta humjibu, "Yuko safari." Safari gani hiyo jamani, mtoto wa jirani aliyezaliwa alipoondoka ameota meno mpaka anatembea? Lakini aseme nini? Kwa baba harudi, kwa mume hamna mtu, na aibu ya kuachika inamtisha kuliko upweke wenyewe. Kilichobaki cha ndoa ni lile jina tu.

Jumatatu ile somo lilikuwa surname, yaani jina la ukoo. Akaanza yeye, kama kawaida: "My surname is Kibona." Wanafunzi wakawa wanasimama mmoja mmoja kusema yao. Ikafika zamu ya mgeni, Tumpe, muuza maharage aliyehamia mjini juzi tu, tumbo limeshachomoza. Badala ya kutaja jina lake, akabaki anamkodolea mwalimu macho.

"Kibona wa Itumba?"

"Wa Itumba," Nesta akajibu.

"Weee! Mume wangu naye ni Kibona wa Itumba! Efraimu, wa malori! Mbona hakuniambia ana dada huku?" Akamfuata mbele, akampigia goti, akamshika mikono yote miwili. "Shikamoo wifi! Tena anakuja Jumamosi, nitamleta akusalimie. Na huyu akizaliwa, shangazi ndiye wewe."

Huwezi kumlaumu Tumpe. Kwa watu wa huku, mwanamke anayeitwa Kibona kazaliwa na Kibona, basi. Na Nesta afanye nini? Aseme, "Mimi ni mkewe"? Darasa lingejua hapo hapo kwamba safari ilikuwa uongo, na soko zima kabla jua halijazama. Anyamaze? Basi amekuwa dada wa mume wake mwenyewe, na Jumamosi atamwandalia chai.

"Madam, nami nijaribu sentensi?" Tumpe aliuliza, bado kamshika mikono. Akawageukia wenzake, kifua mbele, kuwatambulisha wifi yake kwa Kiingereza.

"Her surname is Kibona. She is the sister of my husband."

Wakapiga makofi, kisha wakamsubiri mwalimu asahihishe.

"Very good," Nesta alisema. "Rudia, wote wasikie."