Ngoma ya Mama Kwenye Buti

Gari langu lilitoka Japani likiwa na binti ndani ya dashibodi. Kila nikiwasha injini anasema sentensi moja ya Kijapani, kwa sauti nyembamba yenye adabu, halafu ananyamaza hadi safari nyingine. Sijui anasema nini. Fundi mmoja aliniambia anadai kadi ya kulipia barabara. Mke wangu anaamini ananikumbusha kufunga mkanda. Mama yangu, tangu siku ya kwanza alipopanda, aliamua kwamba ni salamu, na salamu haiachwi hewani. "Mbukwenyi," alikuwa akimjibu kwa Kigogo, huku akiweka sawa kitambaa chake kichwani, ndipo tunaondoka.

Nilijua masikio ya mama yameanza kwenda siku alipoacha kumjibu.

Mwenyewe hakukubali. Kwa maelezo yake, masikio ni yale yale, ila watu wa mjini siku hizi wanaongea kama wana uji mdomoni. Alikuwa amehamia kwetu Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, baada ya magoti kukataa kazi za shamba, na mimi ndiye niliyempeleka kupimwa. Daktari akatueleza vizuri: sauti nyembamba zimeondoka, za watoto, za ndege, za binti wa Kijapani, lakini sauti nene bado zipo. Akapewa kifaa cha kuvaa sikioni. Alikivaa asubuhi moja, akasema ndani yake kuna mtu anakaanga vitunguu, akakifungia kwenye kopo la majani ya chai. Kimo humo mpaka leo.

Haya yote ningeyazoea. Mtu huzoea kurudia maneno. Lakini siku moja tulikuwa barazani, yeye anabangua karanga, mimi najifanya nasahihisha insha za wanafunzi, akaniambia bila kuinua kichwa, "Unajua nimeisahau sauti ya ngoma yangu? Mikono naikumbuka. Sauti ndiyo siioni tena."

Alisema kama mtu anayearifu kwamba chumvi imeisha.

Inabidi nieleze. Kwetu Ugogo kuna ngoma ya muheme, na wapigaji wake ni wanawake. Ngoma inabanwa katikati ya mapaja, inapigwa kwa mkono mmoja na mwingine, na mpigaji mkuu ndiye anayeamua wengine waende wapi. Mama alikuwa mpigaji mkuu. Wakati wa mavuno walikuwa wanakuja kumchukua kutoka vijiji vya mbali, na mimi nilikua nikidhani kila mtoto ana mama anayekuja kuchukuliwa. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nilirudi likizo na redio kaseti ya kuazima, kwa nia hasa ya kuonekana msomi, nikamrekodi yeye na wenzake wakicheza baada ya mavuno. Kaseti ile nilikuwa nayo bado. Nilikuwa nimeihamishia kwenye flashi, kwa hiyo jambo lilionekana jepesi.

Nilimchezea ngoma hiyo kwenye simu. Akaiweka sikioni, akakunja uso. "Hawa wanatwanga nini kwenye kopo?"

Nikajaribu sabufa ya sebuleni. Lakini sebuleni mama hakai. Kuna mchicha wa kuchambua, kuna mtoto wa kumfuta pua, na sauti inatorokea madirishani kabla haijamfikia. Alisimama mlangoni na sinia mkononi, akauliza kama kuna lori linapita.

Mahali pekee duniani ambapo mama hukubali kukaa bila kazi ni ndani ya gari. Humo anakaa kama mgeni rasmi. Vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, siti imeshika mgongo, sakafu imeshika miguu. Nikaona kwamba kama kuna mahali ngoma ile itamfikia, kwa masikio au kwa mifupa, ni pale. Tatizo ni kwamba spika za kiwandani zilitengenezwa kwa ajili ya taarifa ya habari. Sauti nene zikifika pale zinakohoa.

Mafundi wa mjini niliowauliza walikuwa na jibu moja: toa redio hiyo ya kizamani, weka skrini kubwa. Mmoja alinionyesha skrini yenye ukubwa wa sinia la pilau. Nikakataa. Redio yangu ina kitufe kimoja kikubwa cha duara, na mama anakijua. Ndicho kitu pekee cha kisasa ambacho hajawahi kuniomba nimsaidie. Nilitaka redio ibaki pale pale na mnyama, yaani amplifaya na sabufa, aongezwe nyuma yake.

"Hiyo kazi ni ngumu, mzee," fundi akaniambia. "Redio ya kiwandani haina pa kuchomeka amplifaya."

Nilikuwa nimesoma usiku na mchana mambo yasiyo na faida kwa miaka mingi. Sikuona kwa nini hili lenye faida linishinde. Nikasoma.

Duka nililonunulia vifaa liko katikati ya mji, ni la familia ya Kihindi iliyokuwa na duka pale kabla sijazaliwa. Kaunta inashikwa na mama mmoja mwenye miwani ya kamba, Kiswahili chake cha Dodoma kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Fundi wako nani?"

"Nafunga mwenyewe."

Akanitazama juu ya miwani. "Umesomea?"

"Nina shahada mbili."

"Za umeme?"

"Za falsafa."

Akafikiri kidogo. "Basi chukua na fyuzi za akiba."

Jumamosi nikaanza, kwenye kivuli cha ukuta. Nikatoa kichwa cha betri kwanza, maana falsafa pia hufundisha tahadhari. Waya mnene wa umeme nikautoa kwenye betri, nikaufunga fyuzi karibu kabisa na betri ili ukichubuka njiani umeme ukatike hapo na gari lisiungue, nikaupenyeza kwenye tundu la raba linaloingia ndani, nikaulaza chini ya zulia upande wa dereva. Redio haina pa kuchomeka amplifaya, fundi alisema kweli. Lakini spika za nyuma zina waya, na ukizichepusha waya hizo hadi kwenye kikasha kidogo kinachopunguza nguvu ya sauti, amplifaya inapokea bila redio kujua kama kuna mgeni. Waya za sauti nikazipitisha upande wa abiria, mbali na ule wa umeme, kwa sababu zikilala pamoja injini inaanza kuimba kwenye spika. Waya wa kurudisha umeme nikaufunga kwenye bodi ndani ya buti. Hapo ilibidi nikwangue rangi kwa msasa mpaka bati ling'ae. Iliniuma. Gari lina makovu mengi, lakini yote yalikuwa yamefanywa na watu wengine.

Mke wangu ni muuguzi. Alipita na ndoo, akaangalia siti zilizong'olewa na zulia lililokunjwa.

"Baba watoto, mgonjwa huyu ulipompasua alikuwa anaumwa?"

"Anaongezewa kiungo."

"Ndugu wamesaini?"

Ndugu mwenyewe, yaani mama, alikuwa amekaa barazani na kikapu chake akitutazama. Sikuwa nimemwambia ninachofanya. Nilisema nasafisha gari.

Ilipowaka mara ya kwanza nilitamani kuwe na watu. Taa ndogo ya kijani kwenye amplifaya, binti wa Kijapani akasema yake, redio haikuungua, hakuna moshi. Nikachomeka flashi kwenye redio, ngoma ikaanza kule nyuma. Nilimwita mke wangu akae mbele. Akasikiliza, akakubali kwamba inasikika, akarudi kwenye kazi zake bila mzaha wowote, na kwa mke wangu hiyo ni shahada ya tatu.

Nikaenda kumchukua mama. Nikamfungulia mlango, nikafunga vioo, nikabonyeza.

Aliweka mikono juu ya khanga yake, akasikiliza. Nilikuwa namtazama usoni kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu akisoma karatasi yake.

"Ni ngoma," akasema.

"Ni yako, mama. Ile ya likizo, nilipokuja na redio."

"Yangu haikuwa hivi." Akasikiliza tena. "Hii ya baridi. Nani amepiga ngoma haijaota moto?"

Akashika mlango, akatoka, akarudi barazani kwenye karanga. Hakukasirika. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa na sura ya mtu aliyekwenda kumwona ndugu akaonyeshwa mtu mwingine.

Ngoma ya ngozi haipigwi ikiwa baridi. Kabla ya kucheza wanawake huwasha nyasi kavu na kuzungusha uso wa ngoma juu ya moto hadi ngozi ikaze. Ngoma isiyoota moto inasikika, ndiyo, lakini mlio wake umelegea, haumpigi mtu kifuani. Sasa mimi nilikuwepo siku ile. Nyasi niliziona zikiwaka. Kwa hiyo ngoma kwenye kaseti ilikuwa ya moto, na aliyeipoza ni mimi.

Nilirudi kwenye buti nikakaa na sanduku la sabufa kama mtu na mkwe wake. Nikaongeza sauti, ikawa kubwa na bado imelegea. Nikaenda siti ya mbele, nikafunga macho. Mdundo ulikuwa mzito nikiwa nyuma, na mbele, kwenye siti ya mama, ulikuwa umekonda. Ndipo nikakumbuka nilichosoma. Sabufa na spika za gari lazima zisukume hewa kwa pamoja. Moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, ni kama watu wawili kwenye mlango mmoja, huyu anausukuma kutoka ndani na yule kutoka nje: kazi inafanyika na mlango hausogei. Hiyo hutokea ukikosea waya chanya na hasi.

Nami nilikuwa nimeziwekea alama, kwa fahari kubwa. Waya zangu za sauti zote zilikuwa nyeupe, basi ile chanya niliipaka wino mwekundu wa kusahihishia insha. Halafu nikazivuta zote mbili chini ya zulia la gari ambalo limekula vumbi la barabara ya Msalato kwa miaka yote niliyonalo. Zilitokea upande wa pili zote nyekundu. Nilikumbuka nilivyofanya: nilizishika moja kila mkono, nikaziangalia kwenye jua, nikachagua iliyokuwa nyekundu zaidi. Kumbe udongo wa Dodoma una wino mzuri kuliko wa chuo kikuu.

Nikatoa tena kichwa cha betri. Nikazifuta waya kwa kitambaa chenye maji mpaka wino ukajitenga na vumbi, nikazibadilishia nafasi, nikarudisha umeme. Nilipowasha, sikuhitaji kwenda mbele. Kibao cha namba ya gari kilianza kutetemeka, na mimi niliyekuwa nimesimama nje niliusikia mdundo kwenye nyayo.

Nikaenda barazani.

"Mama, nimeiwashia nyasi."

Hakusikia, au alisikia uji. Nikaashiria gari. Akaniangalia kama mtu anayepima kama safari ya pili ina thamani ya magoti, akainuka.

Nilimfungia mlango nikaingia upande wangu. Akaweka sawa kitambaa chake kichwani. Kisha nikaona magoti yake, yale yaliyokataa shamba, yakisogeleana taratibu chini ya khanga na kubana kitu ambacho hakikuwepo. Kiganja cha kulia kikashuka juu ya paja. Kisha cha kushoto. Havikuwa vinafuata ngoma ile. Vilikuwa mbele yake kidogo, kama mtu anayeijua njia.

"Huyo wa pembeni," akasema kwa sauti kubwa, kama wasiosikia wanavyosema, "huyo alikuwa anachelewa siku zote. Msikie. Nilimwambia."

Nilisikiliza. Nimeisikiliza kaseti ile miaka mingi na sikuwahi kumsikia mtu aliyechelewa. Alikuwepo.

Akanyoosha mkono akazungusha kitufe cha duara, mwenyewe, kuelekea kulia. Dashibodi ikaguna. Mke wangu alitokea mlangoni na mwiko mkononi, akasimama, akamwona mama, akarudi ndani.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi."

"Fundi nani?"

"Mimi, mama. Mwenyewe." Nikamwonyesha vidole vilivyochubuliwa na msasa.

Akavishika akaviangalia kimoja kimoja. Katika maisha yangu nimevaa joho zaidi ya mara moja, na kila mara mama alipoulizwa na wanakijiji mwanawe anafanya kazi gani, alijibu kwamba anafanya kazi ya kukaa. Sikumlaumu. Ilikuwa kweli.

Tulipokwenda kijijini kuwasalimia ndugu, hakuteremka kwanza. Alishusha kioo, akawaita wenzake wawili waliobaki wa ile kaseti, mmoja wao yule aliyekuwa anachelewa, akaamuru wakae siti ya nyuma ambako sanduku linawagonga mgongoni. Watu wakasogea. Mzee mmoja akauliza gari lina nini.

"Ni ngoma yetu," mama akasema. "Mwanangu ameifunga. Ni fundi redio."

Nilijaribu kusahihisha, kisha nikaona sina sababu. Jioni ile niliondoka na redio mbili mbovu za watu, nimeahidi kuzitazama, na sijui hata pa kuanzia.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Wakati ule, wenzake walipokwisha kukaa nyuma, mama alinigeukia nikiwa bado nimeshika usukani.

"Wewe shuka," akasema. "Hapa wamekaa wapigaji."

Nikashuka, akapandisha kioo. Nikabaki nje kwenye vumbi pamoja na wanaume wengine, nikaegemea gari kidogo, kama fundi, ili nisikie kwa mgongo.