Mkono Wako Unapiga Nini?

Niliporudi Makueni katika miaka ya themanini nilikuwa na diploma ya muziki, na hakuna mtu mwingine katika lokesheni yetu aliyekuwa nayo. Sikusomeshwa na mjomba wala harambee. Niliosha sufuria katika hoteli ya madereva wa malori pale Mtito Andei mpaka nikapata karo yangu mwenyewe. Nasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu hupenda kuyasahau.

Wiki niliyorudi nilimkuta dada yangu kwa mama, mkono umefungwa kwa leso. Mumewe alikuwa amempiga, tena si mara ya kwanza. Nikamuuliza atarudi kwake lini.

"Siku nitakayojua sitapigwa," akasema. "Wewe uliyesoma, niambie ni lini."

Basi nikatunga wimbo. Sauti nne, nota safi, Kiswahili cha vitabuni: tuukomeshe ukatili, tudumishe upendo. Nikawafundisha wanaume wa kwaya ya kanisa. Jumapili waliimba mpaka mhubiri akainuka kupiga makofi, na besi iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya shemeji yangu huyo huyo. Nilijiona nimemaliza kazi.

Dada alinicheka. "Wimbo wako ni mtamu, kaka, lakini hauna mtu ndani. Yeye anafikiri unamwimbia jirani."

Iliniuma. Walimu wangu wote hawakuwahi kunikosoa hivyo. Lakini nilifikiri siku mbili, nikarudia kitu nilichokijua kabla ya diploma yoyote: mwethya, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu. Huko mmoja huanzisha wimbo, wengine huitikia, na majembe hushuka pamoja.

Jumamosi tulikuwa tukichimba mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Shemeji, aliyeshika ngoma, hakuna aliyemfikia kwa kuipiga. Nikaanzisha: "Mkono wako unapiga nini?" Kila mwanamume ajibu kwa zamu, na sisi wengine tuitikie "Kweli" au "Uongo". Kwetu, kwa Kikamba kama kwa Kiswahili, neno moja hubeba yote: ngoma hupigwa, gitaa hupigwa, na mtu naye hupigwa.

"Napiga matofali!"

"Kweli!"

"Napiga pasi!"

"Uongo!" wanawake wakapaza sauti. "Shati lako si tunaliona!"

Zamu ikamfikia shemeji. "Napiga ngoma!"

"Kweli!"

"Na nini tena?" nikamwimbia, nikimtazama.

Ngoma ikapungua, ikanyamaza. Majembe nayo yakasimama.

"Mwalimu, niruke," akasema.

"Harukwi mtu hapa," mwenye shamba akamjibu. "Jibu, mtaro unangoja."

Akatazama chini, akaimba kwa sauti ndogo ambayo kwaya haikuwahi kuisikia: "Nimempiga mama wa watoto wangu."

Wanaume wakatazama majembe yao. Kisha dada yangu, aliyekuwa akiokota mawe kwa mkono mmoja, akasema, "Kweli."

Nilidhani shemeji hatarudi. Alirudi, Jumamosi baada ya Jumamosi, na wanaume wengine wawili wakaimba kama yeye. Mwingine alitupa jembe, akasema nimeleta mambo ya ng'ambo, na hatukumwona tena. Mkono wa dada ulipopona, akashika jembe lake. Siku moja shemeji akaimba, "Sipigi tena." Watu wote wakamgeukia dada.

"Msinitazame mimi," akasema. "Siishi kwake. Nitajuaje?"

Tukacheka, na shemeji naye akacheka kidogo, kwa aibu. Dada akaweka jembe begani. "Basi naenda nikaone. Jumamosi nitawajibu."

Nimetunga nyimbo nyingi tangu wakati huo, nyingine zimeimbwa mbele ya wakubwa, na sioni haya kusema ni nzuri. Lakini sijawahi kungoja kiitikio kama nilivyongoja kile. Jumamosi ile dada alichelewa kufika. Alipoingia mtaroni, shemeji aliimba mstari wake kabla sijamuuliza. Dada akachimba mara tatu, mara nne, akituacha tungoje.

"Kweli," akasema. "Ya wiki moja. Haya, piga ngoma."